[UZI] Wimbo mmoja unanong'ona, unaofuata unapasua spika: tuongelee kusawazisha sauti kwenye maktaba ya muziki

mkono_kwenye_volyumu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nauandika kwa hasira kidogo, na hasira yenyewe nimejikasirikia mwenyewe. Nina nyimbo zaidi ya elfu tatu kwenye kompyuta, nimezikusanya kidogo kidogo: nyingine nilizitoa kwenye CD, nyingine kwenye kaseti, nyingine nimenunua mtandaoni, nyingine nilipewa kwenye flashi na sikumbuki hata nilipewa na nani. Ukizichanganya zote ukaiambia pleya ichague yenyewe, mkono hautoki kwenye kitufe cha sauti. Unaongeza ili umsikie mtu na gitaa lake wakiimba kwa upole, wimbo unaisha, inaingia ngoma ya kisasa na kila aliyelala ndani ya nyumba anaamka.

Miaka kadhaa iliyopita nikajifanya fundi. Nikachukua programu ya kuhariri sauti, nikaona ina amri ya kusawazisha, nikaikabidhi folda nzima. Ikafungua MP3 moja baada ya nyingine, ikaipandisha sauti, ikaisevu upya juu ya ile ya zamani. Ilikesha. Asubuhi nacheza, tatizo liko palepale! Na juu yake kuna jipya: matoazi na herufi "s" za waimbaji zimekuwa kama zinatokea chini ya maji, maana MP3 ukiifungua ukaibana tena, kuna kitu kinapotea kila unapofanya hivyo. Nakala za awali? Sikuweka. Nilitumia miezi kuzitafuta upya, na chache sijazipata mpaka leo.

Sasa kwa nini tatizo lilibaki? Kwa sababu programu ile ilikuwa inapima kilele, yaani ile nukta moja ya wimbo ambapo sauti imefika juu kuliko kwingine kote, halafu inapandisha wimbo mzima hadi nukta hiyo iguse dari. Sikio halisikilizi nukta moja. Sikio linachukua wimbo unavyokwenda, dakika kwa dakika.

Ngoja niwape mfano wa nyimbo mbili zangu, namba zake ninazo hapa. Wa kwanza ni gitaa tupu na mwimbaji: ukubwa unaosikika ni -24.3 LUFS (kipimo nitakachokieleza hapo chini), kilele -3.1 dB (desibeli, na dari ni 0). Wa pili ni wa kucheza: -7.2 LUFS, kilele 0.0, umejaa hadi mdomoni. Tofauti yake masikioni ni 17.1. Ukisawazisha kwa kilele, wa gitaa unapanda 3.1 tu kwa sababu kuna mahali kidole kimegonga waya kwa nguvu na mgongo huo mmoja, yaani kilele hicho, ndio umefika karibu na dari. Wa pili hauendi popote, tayari uko darini. Tofauti inabaki 14. Usiku mzima wa kazi, faida ni desibeli tatu.

LUFS ndiyo kipimo kinachokaribia sikio. Kilitokana na waraka wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, unaoitwa BS.1770, wa mwaka 2006, na mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya kupitia umoja wao wa EBU wakatoa mapendekezo yao ya R128 wakasema vipindi vyote vikae -23 LUFS. Chanzo ni kilekile kinachotuudhi sote: unaangalia tamthilia kwa utulivu, tangazo linaingia linakupigia kelele. (Marekani walifika hadi kulitungia sheria tangazo la namna hiyo, ikaanza kufanya kazi Desemba 2012.)

Ujanja wa kipimo hiki uko sehemu mbili. Kwanza sauti hupitishwa kwenye chujio linalopunguza besi ya chini kabisa na kuinua kidogo sauti za juu, kwa sababu ndivyo sikio letu lilivyo: besi nzito inakula umeme mwingi lakini sikio haliihesabu sawa na sauti ya mtu. Pili, wimbo hukatwa vipande vya milisekunde 400 vinavyopishana, na vile vilivyo kimya mno vinatupwa nje ya hesabu. Bila kuvitupa, wimbo wenye sekunde ishirini za ukimya mwishoni ungeonekana mpole kuliko ulivyo, halafu ungepandishwa bure.

Basi dawa. Dawa ni kupima wimbo, kuandika jibu kwenye tagi za faili pembeni ya jina la msanii na albamu, na kuiachia pleya ishushe au ipandishe wakati wa kucheza. Sauti yenyewe haiguswi hata chembe. Ukichoka unafuta tagi, faili linarudi kama lilivyokuwa. Mfumo unaitwa ReplayGain. Ulipendekezwa na David Robinson mwaka 2001, kwa hiyo wakati mimi naharibu faili zangu dawa ilikuwapo miaka mingi, sikuuliza tu. Toleo la kwanza lilikuwa na hesabu yake lenyewe na kiwango cha 89 dB, toleo la pili limehamia kwenye kipimo cha ITU na kiwango ni -18 LUFS.

Kwa zile nyimbo mbili: wa kucheza unaandikiwa -10.8 dB, wa gitaa +6.3 dB. Hapa kuna mtego. Kilele cha wa gitaa ni -3.1, ukiongeza 6.3 unavuka dari kwa 3.2, na juu ya dari hakuna sauti, kuna mkwaruzo. Ndiyo maana tagi huandikwa mbili, ya kiasi cha kuongeza na ya kilele, na pleya nzuri ina mahali pa kuiambia "usivuke kilele". Ikiambiwa hivyo itapandisha 3.1 tu. Wimbo utabaki mpole kidogo kuliko mwenzake, ila tofauti imetoka 17 hadi 3, na hiyo sioni sababu ya kunyanyuka kitini.

Kwenye kompyuta natumia foobar2000: chagua nyimbo zote, bonyeza kulia, ReplayGain, ipime. Ambao hamuogopi dirisha jeusi la kuandika amri kuna rsgain, unaiandikia `rsgain easy` na jina la folda, inatambaa ndani yote na kila folda inaihesabu kuwa albamu. Ila wekeni nakala kwanza. Hata kama tagi haziharibu kitu. Wekeni nakala!

Karibuni tuongee.

---

kiti_cha_mbele

Nimeweka kiti. Endelea kushusha nondo mkuu.

---

besi_nzito

Mkuu nimekusoma ila sikubaliani na kitu kimoja. Nimewasha hiyo kitu na muziki wangu wote umekuwa mnyonge. Ngoma iliyokuwa inatikisa meza sasa haitikisi. Kama dawa ni kushusha kila kitu basi na mimi nabaki na ugonjwa wangu.

---

mkono_kwenye_volyumu

@besi_nzito haujashushiwa ngoma, umerudishiwa kitufe chako cha sauti. Kabla ulikuwa unacheza kwenye 30 kwa sababu nyimbo zenyewe zimejazwa; sasa peleka 55 utikise meza kama kawaida, na wimbo unaofuata nao utatikisa.

Kwa nini mfumo ushushe badala ya kupandisha za upole? Rudi kwenye mfano wa gitaa. Wimbo wenye migongo mirefu hauna pa kupandia. Ukitaka zote zikae -8, lazima zile za upole uzikate vichwa. Hivyo ndivyo mafundi wa studio walivyotufikisha hapa: tangu miaka ya 1990 kila mmoja alitaka CD yake isikike kubwa kuliko ya jirani, wakawa wanabana migongo na kujaza mabonde hadi ngoma na sauti ya mtu vikawa kimo kimoja. Ukiziweka sawa ndipo unagundua ile iliyokuwa "kubwa" ni bapa kama karatasi, na ile ya zamani uliyoiona dhaifu ndiyo ngoma yake inapiga kifuani. Jaribu, usiniamini mimi.

Kama spika au simu yako haina nguvu kabisa, kwenye mipangilio kuna nyongeza ya jumla. Weka +3 au +4, acha ile ya kuzuia kuvuka kilele ikiwa imewashwa.

---

sikio_pevu

Swali la kitaalamu. Kushusha kwa 10.8 dB kwa hesabu za kidijitali si unapoteza biti? Faili ni biti 16.

---

mkono_kwenye_volyumu

Kila biti ni kama desibeli 6, kwa hiyo 10.8 haifiki hata biti mbili. Biti 16 zina nafasi ya karibu 96 dB. Toa hizo, unabaki na 85, na wimbo unaoshushwa kiasi hicho ni ule uliojazwa, yaani wenyewe hautumii hata robo ya nafasi hiyo. Tena pleya nyingi zinafanya hesabu kwa namba zenye desimali ndefu kabla ya kukata. Ukiisikia tofauti hiyo chumbani kwako nitakuja kujifunza kwako.

---

binti_wa_santuri

Kaka mwanzisha uzi, umeruka jambo kubwa kuliko yote uliyosema. Mimi nasikiliza albamu nzima, kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Ukipima kila wimbo peke yake unamvuruga aliyeipanga.

Nina albamu inaanza na utangulizi wa dakika moja na nusu, sauti ya mtu mmoja na filimbi kwa mbali, halafu bila kupumua bendi nzima inaingia. Huo mshtuko ndio utamu wenyewe. Nilipima wimbo mmoja mmoja: utangulizi ukapewa +9, wa bendi -7. Nikicheza, filimbi inanipigia kelele sikioni, kisha bendi inaingia kama imefungiwa kabatini. Na kwa kuwa nyimbo hizo zimeunganishwa bila mwanya, pale kwenye kiungo unasikia kabisa kitu kimeteleza.

---

mkono_kwenye_volyumu

Dada, umenishika. Nilipaswa kuanza na hilo.

Wasomaji: kuna vipimo viwili, cha wimbo na cha albamu. Cha albamu kinapima nyimbo zote kama wimbo mmoja mrefu, kinatoa namba moja, na namba hiyo inatumika kwa zote, hivyo wimbo mpole unabaki mpole mbele ya wenzake. Ukiskani vyote viwili huandikwa kwa pamoja kwenye faili, REPLAYGAIN_TRACK_GAIN na REPLAYGAIN_ALBUM_GAIN, kila kimoja na kilele chake. Uchaguzi unafanywa kwenye pleya, si kwenye faili. foobar2000 na baadhi ya pleya nyingine zinaweza hata kujichagulia: ukichanganya nyimbo zinatumia cha wimbo, ukicheza kwa mpangilio zinatumia cha albamu.

Ila folda lazima ziwe safi. Ukiwa na folda moja inaitwa "Mchanganyiko" yenye nyimbo 400 za wasanii 150, rsgain itaihesabu ni albamu moja na kipimo chake cha albamu hakitakuwa na maana yoyote. Hapo tumia cha wimbo tu.

---

binti_wa_santuri

Ahsante. Naongezea kwa wenye kaseti na santuri zilizorekodiwa nyumbani: wimbo ukipandishwa, na mchakacho wa sindano na ule upepo wa kaseti unapanda nao. Mimi ya kaseti nimeyawekea kikomo, hayapandi zaidi ya +4. Afadhali nimsogelee msanii kuliko kuusogelea upepo.

---

terminali_nyeusi

Mambo mengi ya nini? ffmpeg, ile programu ya dirisha jeusi ya kugeuza faili za sauti na video, ina kichujio cha kusawazisha kinachoitwa loudnorm. Mstari mmoja, folda nzima inatoka -14 kama wanavyofanya kwenye Spotify.

---

mkono_kwenye_volyumu

@terminali_nyeusi bro, unaufuata mguu wangu uleule, tofauti umevaa viatu vizuri. Mambo matatu.

Moja, unatengeneza faili jipya. Kama chanzo ni MP3 umeshaibana mara ya pili.

Mbili, ukiiendesha mara moja tu, loudnorm haijui mwisho wa wimbo ukoje, kwa hiyo inapandisha na kushusha huku wimbo unaendelea. Sikiliza wimbo wenye kimya katikati: kimya kinavimba, ngoma ikirudi inasinyaa. Ukitaka isifanye hivyo unaiendesha mara mbili, ya kwanza inapima, ya pili unairudishia vile vipimo na kuiambia `linear=true`. Na hata hapo, ikiona kilele kitavuka kikomo ulichoweka, inarudi kwenye tabia yake bila kukuuliza.

Tatu, kagua faili zako zilizotoka. Usipoandika `-ar 44100` unaweza kukuta wimbo umekuwa na sampuli 192,000 kwa sekunde badala ya 44,100.

Ni zana nzuri sana kwa anayetengeneza kipindi cha mazungumzo. Kwa maktaba ya muziki, hapana. Na Spotify wenyewe hawagusi faili la msanii, wanashusha na kupandisha wakati wa kucheza, yaani kilekile tunachokiongelea hapa.

---

terminali_nyeusi

Nimekagua. 192,000. Sawa, nimekaa chini.

---

redio_ya_gari

Wakuu mimi tatizo langu ni flashi ya kwenye gari. Nimeskani zote, tagi naziona kwenye kompyuta zipo, nikichomeka kwenye redio ya gari hakuna kilichobadilika hata kidogo. Nimekosea wapi?

---

mkono_kwenye_volyumu

Hujakosea. Redio nyingi za gari, spika za kuchomeka flashi, na hata pleya kadhaa za simu hazisomi tagi hizo kabisa. Zinasoma jina la wimbo na msanii, basi. Kwenye Android jaribu Poweramp, inazisoma. Kwenye kompyuta VLC nayo inazisoma, ila inabidi uwashe kwenye mipangilio.

Kwa redio ya gari kuna njia ya pili na inafaa kwa MP3. Ndani ya MP3 muziki umekatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kina namba inayosema kichezwe kwa nguvu gani. Kila kifaa kinachocheza MP3 lazima kiisome namba hiyo, hakina ujanja. MP3Gain inabadilisha namba hiyo tu. Haifungui sauti, haiibani upya, kwa hiyo ubora haupungui. Kikwazo ni kwamba namba hiyo inapanda na kushuka kwa hatua za 1.5 dB, huwezi kuiambia -4.2, itaweka -4.5. Kosa lake kubwa kabisa ni 0.75, na kwenye gari yenye kelele za injini hulisikii. Inaacha kumbukumbu kwenye tagi ili uweze kurudisha nyuma, lakini tafadhali: nakili nyimbo kwenye flashi kwanza, halafu fanya kazi kwenye flashi. Maktaba yako iache ilivyo.

Kiwango chake cha kawaida ni 89. Kwa gari watu wengi huona ni chini. Ukipandisha 92 angalia safu inayoonyesha nyimbo zitakazopasuka.

---

redio_ya_gari

Na za M4A?

---

sikio_pevu

AACGain. Ni ndugu yake.

---

mchawi_wa_opus

Naomba msaada. Maktaba yangu nusu ni faili za aina ya FLAC na nusu za aina ya Opus. Nimeskani zote kwa programu moja, siku moja. Za Opus ziko chini kuliko za FLAC, tena kwa kiasi kilekile kila wimbo. Ninachanganyikiwa.

---

mkono_kwenye_volyumu

Kiasi chenyewe ni kama 5 dB?

---

mchawi_wa_opus

Umejuaje?

---

mkono_kwenye_volyumu

Kwa sababu 23 toa 18 ni 5. Opus ina tagi zake, R128_TRACK_GAIN na R128_ALBUM_GAIN, na zimefungwa kwenye -23 ya watangazaji. FLAC yako inatumia -18 ya ReplayGain. Pleya inayojua kazi yake inaongeza 5 kwa Opus ili zikutane. Yako haiongezi. Ama ubadilishe pleya, ama uangalie mipangilio ya programu uliyoskania. rsgain ina chaguo la namna ya kuandika tagi za Opus, ikiwemo kutumia kiwango chako badala ya -23.

Ukifungua tagi hiyo kwa macho usishtuke kukuta namba kama -1792. Haijasema desibeli elfu moja mia saba. Gawa kwa 256, unapata -7.

---

mchawi_wa_opus

Nilishashtuka wiki iliyopita, nikafuta zote nikaskani upya mara tatu 😂

---

tufaha_jekundu

Na sisi wa iTunes? Nimewasha Sound Check, kisawazishi chake cha sauti, naona kuna tofauti kidogo.

---

mkono_kwenye_volyumu

Sound Check ina hesabu yake na inaandika tagi yake yenyewe inayoitwa iTunNORM. Haisomi ReplayGain. Ukikaa ndani ya nyumba ile ya Apple inatosha. Ukiwa na mguu mmoja nje, skani pia kwa ReplayGain, tagi hizo mbili hazigombani.

---

besi_nzito

Narudi. Nimefanya kama ulivyosema, nyongeza +4, kuzuia kilele kumewashwa, kitufe nimepeleka juu. Jana usiku nimecheza saa tatu mfululizo mchanganyiko wa kila kitu. Nimegusa sauti mara moja tu, simu ilipoita.

Ila kuna wimbo mmoja wa zamani naupenda sana, kumbe ngoma yake ilikuwa inapiga vile miaka yote. Nimeurudia mara nne.

---

kiti_cha_mbele

Utaje basi mkuu, usitunyime.